Breki ya Z kwenye CNC: iamriwe na draiva, na bodi, au na rilei peke yake?

Mlango wa nakshi hauishi kwa siku moja, hata ukiwa na mashine. Unalaza ubao wa msaji mezani asubuhi, unaiacha CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ipite mnyororo wa pembezoni, mayungiyungi, magamba ya samaki, na adhuhuri inaadhiniwa kazi bado nusu. Umeme ukikatika hapo, kinachopotea si muda peke yake. Taa za draiva, kile kifaa kinachoilisha mota umeme, zinafifia, spindo inayozungusha kisu inazunguka kwa pumzi ya mwisho, na mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka wenye kilo kumi na kitu, unateremka kwa uzito wake mpaka kisu kinazama kwenye ua lililokwisha kuchongwa. Ubao huo haurekebishiki. Labda uufanye mbuzi ya kukunia nazi.

Dawa inajulikana: mota ya Z yenye breki. Wengi wanaonijia wameshainunua, imeshavuka na boti kutoka Dar, na swali lao ni moja. Zile nyaya mbili za ziada zinazotoka mgongoni mwa mota zifungwe wapi, na nani awe na amri juu yake? Njia zinazotumika ni tatu. Breki inaweza kuamriwa na draiva ya mota, au na bodi ya udhibiti inayosoma faili la kuchonga, au na rilei, swichi inayovutwa na koili, isiyo na akili yoyote, inayofuata umeme tu. Nimefunga zote tatu, na zote tatu nimeshawahi kuzifunga vibaya.

Kwanza ujue unafunga nini

Breki hii ni kinyume cha breki ya baiskeli: haibani unapoikamata, inabana unapoiacha. Ndani mna springi zinazokandamiza diski, na koili, mara nyingi ya volti 24 za DC, inayovuta bamba ili diski iwe huru. Umeme ukiwepo mota inazunguka. Ukiondoka, springi zinashika. Kazi yake ni kushikilia kitu kilichokwisha kusimama. Ukiitegemea isimamishe mhimili unaokimbia, kila siku, utaisaga diski yake mapema.

Nguvu si tatizo. Z ya kilo 12 kwenye parafujo ya gololi yenye hatua (mwendo kwa mzunguko mmoja) ya milimita 10 inahitaji takriban Nm 0.19 ili isishuke, na breki ya servo (mota inayopimwa mahali ilipo muda wote) ya wati 400 kwa kawaida hushika zaidi ya Nm 1. Kama parafujo yako ni ya meno ya kawaida yenye hatua ya milimita 2, huenda huhitaji breki kabisa. Haishuki kwa uzito, labda itambae kidogo kwa mtikisiko. Wanaohitaji ni wenye parafujo ya gololi, na wale wa mashine ndogo zenye parafujo ya hatua ya milimita 8, ambayo watu huidhania inajifunga wenyewe kumbe haijifungi.

Usishangae pia ukiishika Z kwa mkono, breki imebana, na bado unaisikia inacheza. Breki nyingi zina mchezo wa kama digrii moja. Kwa parafujo ya hatua ya milimita 5 hiyo ni chini ya milimita 0.02, haimkeri seremala.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza, na ndicho kizito kuliko vyote hapa kwetu: umeme ukikatika ghafla, breki inabana kabla Z haijateremka? Unguja tunalishwa kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba ina waya wake kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kikiwa na mafuta ya taa na kelele za jenereta, haulizi kwa nini kila karakana ina UPS, betri au jenereta nyuma ya mlango. Ajabu ni kwamba hiyo UPS yenyewe, kama utakavyoona, ndiyo inayoweza kuiua breki.

Cha pili ni mpangilio wa muda. Wakati wa kuwasha, mota ishike kwanza, breki iachie baadaye. Wakati wa kuzima, breki ibane kwanza, mota iachie baadaye. Ukigeuza mpangilio, kuna pengo la muda ambalo mzigo hauna mwenyewe. Kitu kinachoanguka huru husafiri milimita 12 katika milisekunde 50 na karibu milimita 49 katika milisekunde 100. Z yako haianguki huru, kwa sababu lazima izungushe parafujo na rota, lakini hesabu hiyo inakuonyesha kwa nini tunagombania milisekunde.

Cha tatu: waya ukikatika, ukichunika, au kifaa kikifa, mzigo unaegemea upande gani? Cha nne ni vifaa unavyoweza kuvipata bila kusubiri mzigo wa wiki tatu. Cha tano hukiulizi leo, utakiuliza ukiwa safarini: fundi mwingine akifungua boksi, ataelewa ulichofanya?

Njia ya kwanza: draiva iamuru

Draiva nyingi za servo, na baadhi ya zile za stepa (mota inayokwenda hatua kwa hatua) zenye enkoda, yaani kipimo cha mzunguko, zina pini ya breki, mara nyingi imeandikwa BRK. Pini hiyo haibebi breki yenyewe. Hutoa makumi ya miliampia tu, na breki ya wati 8 kwa volti 24 inakula karibu ampia 0.33. Kuna kijana alifunga breki moja kwa moja kwenye pini. Ilifanya kazi mara moja tu, na pini ikafa. Katikati panahitajika rilei ndogo: BRK inawasha koili ya rilei, miguu ya rilei inapitisha chanya ya volti 24 kwenda kwenye breki.

*Umeme ukikatika.* Draiva ndiyo ya kwanza kujua, kwa sababu inapima umeme wake yenyewe. Volti zikishuka chini ya kiwango inatoa kosa na kuifunga breki, na kapasita zake zinaweza kuwa na chaji ya kuishika mota kwa muda kidogo. Hata kama volti 24 za breki zinatoka kwenye UPS, amri ya kubana inafika. Hapa njia hii haina mpinzani.

*Muda.* Unaweka vigezo vitatu ndani ya draiva: breki isubiri muda gani baada ya servo kushika, servo ishikilie muda gani baada ya breki kuamriwa kubana, na kama kosa limetokea mhimili ukiwa unakwenda, mwendo ushuke kiasi gani kabla breki haijabana. Majina na namba hutofautiana kati ya watengenezaji, na kitu kinachowapiga chenga wengi ni kipimo: kuna draiva zinazohesabu kwa milisekunde na zinazohesabu kwa milisekunde kumi kumi. Ukiandika 200 ukidhani ni milisekunde, huenda umeipa sekunde mbili. Isitoshe, bodi haijui kwamba breki ipo. Ukiwasha mhimili na kutuma mwendo papo hapo, hatua za mwanzo zinaweza kupotea draiva ikiwa bado inajiandaa. Tia kituo kidogo mwanzoni mwa faili: kwa GRBL na LinuxCNC, ambazo ni programu za kuongoza mashine, ni `G4 P0.5`, nusu sekunde. Kwa RepRapFirmware, programu nyingine ya namna hiyo, ile P ni milisekunde, kwa hiyo ni `G4 P500`.

*Kikiharibika.* Waya wa BRK ukikatika, breki inabana, kosa jema. Kosa baya ni miguu ya rilei kuungana kwa cheche, maana breki inabaki wazi siku zote na mashine inaendelea kuchonga kama kawaida, hakuna anayejua mpaka siku ya kukatika umeme.

*Vifaa.* Rilei na daiodi moja, basi. Usihangaike na vile vibodi vya rilei vya buluu vya wanafunzi. Rilei ya lori, ya volti 24, inapatikana kwenye maduka ya spea, miguu yake imetengenezwa kwa DC na boksi lake halipitishi vumbi. Pima tu koili yake kwanza: nyingi zinavuta mkondo mkubwa kuliko rilei ndogo, na huenda pini ya BRK isiweze. Zikiwa hivyo, weka rilei ndogo iiwashe ile kubwa.

*Fundi mwingine.* Waya ataufuata kwa macho. Vigezo hataviona. Viandike kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa boksi.

Inamfaa mwenye servo kamili na Z nzito, na asiyetaka kuigusa programu ya bodi.

Njia ya pili: bodi iamuru

Hii ndiyo wanayoipenda vijana, na sababu wanayo. Kila kitu kiko kwenye faili moja la maandishi. Bodi ndiyo inayojua mota inawashwa lini na inazimwa lini, kwa nini amri itoke kwingine?

Kwenye bodi zinazotumia RepRapFirmware kuna amri maalumu ya breki, M569.7. Mfano, kwa draiva iliyo kwenye bodi ya nyongeza namba 40:

`M569.7 P40.0 C"out1"`

P ni draiva, C ni poti inayowasha koili, na poti lazima iwe kwenye bodi hiyohiyo yenye draiva. Matoleo mapya yanakubali pia S, muda wa kusubiri kwa milisekunde kati ya breki kuachia na mwendo kuanza, na kati ya breki kubana na mota kuzimwa. Poti isiwe imeshatajwa mahali pengine kwenye faili kama feni au hita, la sivyo bodi itakukatalia. Angalia pia umeme wa poti: bodi ikilishwa volti 36 au 48 na breki ni ya 24, utaunguza koili kama bodi haina namna ya kupunguza.

Kwenye LinuxCNC hakuna amri moja, unaunganisha mwenyewe. Unachukua ishara ya kuwasha draiva ya Z, `joint.2.amp-enable-out`, na kuipitisha kwenye vipande viwili vya `timedelay`. Kimoja kina on-delay, kinakwenda kwenye breki ili iachie kwa kuchelewa. Cha pili kina off-delay, kinakwenda kwenye draiva ili izimike kwa kuchelewa. Vyote vinahesabu kwa sekunde. Ni kazi ya nusu saa, na ukishaielewa unaona raha yake. GRBL ya kawaida haina kitu cha breki, na mwenye GRBL aruke mpaka njia ya tatu.

*Umeme ukikatika.* Hapa ndipo nilipoaibika. Karakana moja ya upande wa Fuoni, Z ya stepa kubwa, breki kwenye poti ya bodi, kila kitu kimepimwa. Mwenye karakana ni mzee wa makamo, mchongaji hodari, mwenye mazoea ya kuita kila fundi mwanawe. Wiki ya pili akanipigia.

"Mwanangu, breki umetia?"

"Nimetia, mzee wangu."

"Basi njoo uione ilivyolala juu ya ubao wangu."

Nilipofika nikakuta nilichokifanya. Bodi na kompyuta zilikuwa kwenye UPS ili kazi isipotee umeme ukikatika, wazo zuri kabisa. Draiva kubwa zilikuwa kwenye umeme wa ukutani, kwa sababu UPS isingezibeba. Umeme ulipokatika, draiva zilikufa. Bodi ilikuwa hai, haikuwa na habari, na kwa uaminifu mkubwa ikaendelea kuipa breki volti 24 ili iwe wazi. Breki iliyofungwa vizuri ilizuiwa kubana na betri.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja si nani anaamuru breki, ni breki inakula umeme wa nani. Ule umeme unaoshika mota ukifa, umeme wa breki nao ufe, hata kama bodi iko hai na ina maoni mengine. Kwa njia ya pili hilo halitokei lenyewe, unalifanya kwa mkono. Ama unailisha breki kutoka kwenye pawasaplai isiyo kwenye UPS, ama unatia rilei yenye koili ya volti 230 iliyofungwa sambamba na umeme wa draiva, na miguu yake unaipitisha mfululizo kwenye waya wa breki. Hiyo rilei ya pili leo naitia kwenye kila mashine, njia yoyote iliyochaguliwa, na swichi ya dharura naipitisha hapohapo.

Kama draiva iko ndani ya bodi yenyewe na zinakula umeme mmoja, hatari hii haipo. Lakini draiva ya nje inaweza kujizima yenyewe kwa kosa, joto au mkondo mkubwa, bila bodi kujua. Waya wa ALM, wa kutangaza kosa, kutoka draiva kuja kwenye bodi si wa mapambo.

*Muda.* Nzuri kuliko zote, kwa sababu bodi inasubiri yenyewe na hakuna hatua inayopotea. Angalizo moja: mota ikitulia, RepRapFirmware hupunguza mkondo hadi asilimia 30 kama hukubadili, na wakati huo breki bado iko wazi. Z nzito inaweza kuteleza katika hali hiyo. Ongeza I kwenye M906, amri ya mkondo wa mota, uone.

*Kikiharibika.* Bodi ikijizima na kuanza upya, poti inakufa na breki inabana. Vizuri. Lakini poti za bodi nyingi hukata upande wa hasi. Chanya inakuwa ipo kwenye breki muda wote. Sasa chukua waya unaopita kwenye mnyororo wa nyaya, unaokunjwa mara elfu kwa siku, uchunike ile hasi na kugusa chuma cha mashine. Kama hasi ya pawasaplai imeungwa na fremu, kama ilivyo kwenye mashine nyingi, breki imepata njia na inaachia, bodi itake isitake. Rilei niliyoitaja juu, ikiwa inakata chanya, inapunguza hatari hii umeme unapokatika, lakini haiiondoi mashine ikiwa inafanya kazi. Tumia waya laini wa kukunjwa.

*Vifaa.* Hununui karibu chochote. Ila poti ikiungua umeunguza bodi, na bodi haipatikani Darajani.

*Fundi mwingine.* Akijua faili la mipangilio, atasoma mstari mmoja na kuelewa. Asiyejua ataona nyaya mbili zimeingia kwenye poti iliyoandikwa kama ya hita, na Mungu amsaidie.

Inamfaa mwenye draiva zilizo ndani ya bodi, na mwenye LinuxCNC anayependa kujua kila waya una sababu gani.

Njia ya tatu: rilei peke yake

Fundi wa zamani atakwambia usitie akili mahali pasipohitaji akili. Rilei ya volti 230 inafungwa sambamba na umeme unaolisha draiva. Umeme ukiwepo, rilei inavuta, breki inaachia. Umeme ukiondoka, breki inabana. Kwisha.

*Umeme ukikatika.* Watu wanaidharau njia hii bila kuitazama vizuri. Koili ya AC huachia mara tu umeme unapoondoka, ilhali draiva bado ina chaji kwenye kapasita. Kwa hiyo breki inaanza kubana mota ikiwa bado ina nguvu. Mpangilio sahihi unajitokeza wenyewe, bila kigezo hata kimoja. Masharti ni kwamba miguu ya rilei ikate ile DC inayokwenda kwenye breki, si AC inayoingia kwenye pawasaplai ya volti 24. Ukikata kule nyuma, kapasita za pawasaplai zitailisha breki kwa muda na faida yote imepotea.

*Muda.* Udhaifu uko asubuhi, wakati wa kuwasha. Rilei inavuta papo hapo, draiva bado inaamka, na Z inashuka kidogo kila unapofungua karakana. Rilei ya muda inatibu: ile ya kuchelewesha kuwasha, inayotumika kwenye maboksi ya pampu za maji, fundi umeme yeyote anaijua. Ipe sekunde mbili. Kisha hakikisha draiva inashika mota muda wote. Kwa draiva nyingi za stepa hilo linatokea ukiiacha ENA, pini ya kuwasha na kuzima mota, bila waya.

Kuna wanaoifunga rilei kwenye ishara ya ENA badala ya umeme. Sishauri. Breki na mota vinazimwa kwa wakati mmoja, na breki ndiyo inayochelewa. Kwa GRBL ni vibaya zaidi: kigezo `$1` kikiwa 25 cha kiwandani, mota huzimwa milisekunde 25 tu baada ya kila mwendo kusimama, na breki itagonga tak-tak-tak kutwa nzima kama mtu anayevunja kungu. Weka `$1=255` ili mota zisizimwe.

*Kikiharibika.* Vitu vya kuharibika ni viwili, rilei na waya. Mkondo wa breki ni wa draiva na si wa bodi, kwa hiyo UPS haina ubaya. Lakini njia hii haioni kosa la draiva. Draiva ikijizima umeme ukiwepo, breki iko wazi na Z inakwenda chini.

*Vifaa.* Vyote vipo mjini, Wete na Chake Chake pia.

*Fundi mwingine.* Ataielewa kabla hujamaliza kumimina kahawa.

Inamfaa mwenye stepa za kawaida na bodi ya GRBL, na mwenye karakana iliyo mbali na fundi.

Daiodi inayochelewesha, na chumvi

Hili linahusu njia zote. Koili ikikatiwa umeme inarudisha teke la volti linalounguza miguu ya rilei au transista ya poti. Kila mtu anajua dawa: daiodi sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Wachache wanajua gharama yake. Daiodi inauacha mkondo uzunguke ndani ya koili na kufa polepole, na wakati huo wote springi hazijashinda. Breki ambayo ingebana kwa milisekunde chache inaweza kuchukua mara kadhaa zaidi. Kwa Z nzito mimi hutia varista, kifaa kinachomeza volti zikizidi, sambamba na koili, au daiodi pamoja na daiodi ya zena mfululizo. Volti zinaruhusiwa kupanda kiasi, mkondo unakufa haraka. Poti za baadhi ya bodi zina daiodi ndani tayari na hapo huna la kufanya, isipokuwa kuiongeza ile S ya M569.7, ambayo haisaidii umeme ukikatika. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda ile rilei ya mfululizo, kwa kuwa unaweza kuikata koili mbali na daiodi ya bodi. Varista basi iwe kwenye koili yenyewe.

Koili ya breki ya springi kwa kawaida haina chanya wala hasi. Zile zinazoshika kwa sumaku ya kudumu zinazo; ukigeuza nyaya haziachii. Pima kwa mita kabla: breki ya wati 8 kwa volti 24 itasoma karibu omu 72. Ukiipa volti 24 mezani utasikia tak moja safi.

Masika yanapoingia, unyevu wa bahari unazifanya skrubu za shaba kijani ndani ya miezi. Nyaya za breki zifungwe kwa vikofia vya kubana, si nyuzi zilizosokotwa kwa vidole. Mashine iliyolala mwezi mzima inaweza kukuta diski yake imeshika kutu nyepesi, na siku ya kwanza mota inakazana huku breki haijaachia vizuri. Usipulizie mafuta. Diski yenye mafuta haishiki tena.

Ukiwa hali gani, uanzie wapi

Una servo zenye pini ya BRK na Z inayozidi kilo kumi: anza na njia ya kwanza, ongeza rilei ya 230 kwenye mfululizo, na uandike vigezo mlangoni. Ukiwa na uwezo wa kununua mota tu na si muda wa kusoma kitabu cha draiva, usichague servo kwa sasa.

Draiva zako zimo ndani ya bodi ya RepRapFirmware na umeme ni mmoja: njia ya pili, bila wasiwasi. Bodi kwenye UPS na draiva ukutani: njia ya pili bado inawezekana, lakini rilei ya mfululizo na waya wa ALM vifungwe siku ileile, usiseme utarudi wiki ijayo. Mimi nilisema.

GRBL na stepa, mashine ya kuchonga vibao vya majina na masanduku ya watalii: njia ya tatu na rilei ya muda. Zikitokea pesa za servo baadaye, rilei hiyohiyo inabaki mahali pake na BRK inaongezwa mbele yake.

Karakana ya Pemba inayoishi kwa jenereta na betri za sola: tazama kwanza inverta yako inabeba nini. Kama inabeba mashine yote, draiva na spindo pamoja, kukatika kwa umeme hakukuhusu na unaweza kuchagua kwa vigezo vingine. Kama inabeba bodi tu, wewe ni yule mzee wa Fuoni.

Vijana mnaojenga mashine ya mafunzo, wale wa chuo cha Karume pale Mbweni na wengineo, fungeni njia mbili kwenye mashine moja na swichi ya kuchagua. Mtajifunza zaidi kwa kuilinganisha Z ikishuka kuliko kwa kunisoma.

Yoyote utakayoifunga, usikabidhi mashine bila jaribio hili. Toa kisu. Weka gogo laini chini ya spindo, ukiacha nafasi ya milimita 60. Simamisha geji ya saa kwenye Z. Mota ikiwa imeshika, katisha umeme kwenye swichi kuu, si kwa kitufe cha programu, UPS ikiwa imewashwa kama itakavyokuwa siku ya kazi, na usome Z imeshuka kiasi gani. Rudia ikiwa inapanda, kisha ikiwa inashuka kwa kasi ya kazi. Hii ya mwisho ndiyo itakayokupa namba mbaya. Kisha washa umeme na usome tena, maana wengi wanapima kuzima na kusahau kuwasha.